Kwa mtetezi mpya wa wazazi wenye ulemavu wa akili

Ukianza kazi ya utetezi huru, ijue kwanza nafasi yako. Wewe si wakili, si ofisa ustawi wa jamii, wala si mpimaji wa malezi. Kwenye kikao cha kujadili malezi ya mtoto, karibu kila mtu ana lake la kusema kuhusu mzazi. Wewe upo ili la mzazi mwenyewe lisikike. Hata ukiona anachotaka hakitakubaliwa, mweleze faraghani yanayoweza kufuata, kisha lifikishe kikaoni kama alivyolisema. Mtoto ana watu wake wa kumsemea. Nawe ukianza kupima kama mzazi anafaa kulea, basi hana tena wa upande wake.

Siku ya kwanza kabisa mwambie mipaka ya siri: nitakayoyasikia kwako hayatoki, isipokuwa mtoto au mtu mwingine akiwa hatarini. Akiligundua hilo baadaye hatakuamini tena, na atakuwa na haki.

Kinachokula muda mwingi ni kuhakikisha mzazi ameelewa. Usimuulize "umeelewa?" kwa sababu atakujibu ndiyo. Wengi wamejifunza tangu utotoni kwamba ndiyo humaliza maswali na hapana huleta aibu. Muulize hivi: "Dada yako akikuuliza leo wameamua nini, utamwambiaje?" Hapo utajua kilichoingia na kilichopita juu. Toa jambo moja kwa wakati mmoja, tumia maneno ya kila siku, na ukishauliza, nyamaza. Kimya kinachokukera wewe ndicho anachokihitaji yeye kupanga jibu lake.

Mama mmoja niliyemsimamia aliandikwa kwenye taarifa kuwa "haonyeshi ushirikiano", kwa kuwa alikosa miadi mara kwa mara. Tulipokaa mezani kwake alileta mfuko wa plastiki wenye barua zote za ofisi, zimepangwa vizuri, bahasha hazijafunguliwa. Kusoma kulimshinda, na saa ya mishale ilimchanganya. Tuliomba kwa maandishi apigiwe simu asubuhi ya miadi, na barua ziwe na mchoro wa saa pamoja na picha ya mtu atakayekuja. Miadi iliyofuata alikuwa amefika kabla yetu. Ndiyo maana nasisitiza: ukikutana na neno kama "ushirikiano" ndani ya taarifa, uliza limetokana na tukio gani.

Una msingi wa kisheria wa kuuliza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika kifungu cha 23, unazitaka nchi ziwape watu wenye ulemavu msaada ufaao katika kulea watoto wao, na unakataza mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya ulemavu. Haumzuii hakimu kumlinda mtoto anayeumia. Lakini unakupa haki ya kudai jibu: msaada gani ulitolewa, na ulitolewa kwa njia anayoielewa mzazi huyu? Kumpeleka darasa la malezi ukumbini si sawa na kumwonyesha jikoni kwake, kwa chupa yake mwenyewe, hatua za kuchanganya maziwa, na kurudia mpaka azishike. Anayejifunza kwa kuona na kurudia, mara nyingi hushindwa kutumia nyumbani alichofundishwa mahali pengine.

Na dai msaada huo mapema. Uingereza, kwa mfano, sheria inataka shauri la kumwondoa mtoto kwa kawaida liishe ndani ya wiki 26. Kwa mzazi anayejifunza polepole wiki hizo ni chache mno, kwa hiyo msaada unaosubiri mahakama umechelewa.

Kikaoni kaa ubavuni mwake, msitazamane kama wapinzani. Kubalianeni ishara ya kuomba mapumziko, na mwenyekiti aijue kabla.

Mtoto akiondolewa, usipotee. Ni wakati huo ambapo wataalamu wengine hufunga mafaili yao na simu hazipokelewi. Baki mpaka mzazi ajue atamwona mtoto lini, picha zake atazipata kwa nani, na muda wa kukata rufaa unaisha siku gani. Kama utaratibu wa ofisi yenu unakulazimisha uondoke siku ya hukumu, pigania ubadilishwe.