Maswali ya fremu: ulimi, mdomo na kona zinazocheza

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu ile jointi ya kona ambayo mbao moja inakatwa ulimi, nyingine inakatwa mdomo wazi kama uma, halafu zinaingiliana. Najibu haya machache ya fremu za wavu na za kioo, mengine yatasubiri maana nina kazi ya watu hapa.

Shikamoo fundi. Ina tofauti gani na ile ya ulimi na tundu?

Marahaba. Tundu limezungukwa na mbao pande zote, mdomo uko wazi kwenye ncha. Raha yake ni kwamba karibu kazi yote anafanya msumeno, hushindi na patasi nusu siku unachimba shimo, na mashavu, yaani zile nyuso za ubavuni za ulimi na mdomo zinazogusana na kushika gundi, ni mapana. Ubaya wake gundi ikiachia hakuna kitu kingine kinachozuia ulimi usichomoke. Fremu ya wavu, ya kioo, ya picha, inatosha kabisa. Mlango mzito mimi bado nachimba tundu.

Mbao yangu ni inchi mbili kwa mbili, ulimi uwe na unene gani?

Gawa unene kwa tatu. Ila mbili kwa mbili ikishapigwa randa hiyo sio milimita 50 tena, tuseme imebaki 45, basi ni 15 shavu, 15 ulimi, 15 shavu. Kama patasi uliyonayo ni ya nusu inchi, fanya ulimi nusu inchi na mashavu yabaki na 16 na kidogo, haina shida, utaona faida yake wakati wa kusafisha kitako cha mdomo, yaani ule mwisho wake wa ndani.

Kila nikikata jointi inacheza, najaza unga wa mbao na gundi. Nakosea wapi?

Hapo kaka unakosea kabla hata hujashika msumeno. Niambie ukweli, unachora na penseli ile nene ya fundi, si ndio? Mstari wake una upana, sasa ukikata katikati ya mstari kwenye ulimi, na katikati tena kwenye mdomo, na meno ya msumeno nayo yanakula njia yake, jumlisha hapo uone umepoteza kiasi gani. Chora kwa geji, kile kifaa cha kuchora mstari sambamba na ukingo wa mbao, au ncha ya kisu, halafu weka alama ya X sehemu inayotupwa, na msumeno upite upande wa X, mstari ubaki mzima unauona. Kwenye mdomo sehemu ya kutupa iko katikati, kwenye ulimi iko nje, kwa hiyo geji ni ile ile lakini msumeno unabadili upande, na wengi wanakosea hapa.

Kitu kingine, geji iegemee uso wa mbele wa kila mbao, zote. Mimi mwenyewe niliwahi kuchora mbao nne za fremu ya kioo, moja nikaigeuza bila kujua nikachora kutokea nyuma, jointi ikaingia vizuri sana, ila kona ikatoka na ngazi ya milimita mbili. Nikapiga randa fremu nzima mpaka ikawa nyembamba na mteja akauliza mbona sio kama ile ya kwanza. Siku hizi naweka alama ya penseli kwenye uso wa mbele kabla ya chochote.

Ulimi mzuri unaingia kwa kusukuma na mkono, labda kugonga kidogo na kipande cha mbao. Ukihitaji nyundo ya nguvu mdomo utapasuka. Ulimi ukicheza, bandika ganda jembamba la mbao ile ile kwenye shavu la ulimi, likauke, ulirande upya. Unga wa mbao na gundi haubebi uzito wowote, unaziba macho tu.

Kitako cha mdomo kinachanika upande wa pili.

Unapiga patasi kutoka upande mmoja mpaka utokee, acha. Toboa kwanza kwa drili ndani kidogo ya mstari wa kitako, shuka na msumeno mara mbili mpaka kwenye tundu, kipande kidondoke chenyewe. Halafu patasi nusu kutoka huku, nusu kutoka kule, mkutane katikati.

Sina klampu ya kubana.

Tyubu ya baiskeli iliyokufa, ikate mikanda, zungusha kona ukiivuta. Ila hakikisha mashavu ya mdomo yamebanwa kwenye ulimi, maana ndipo gundi inaposhika. Kabla haijashika pima kona kwa kona kwa mshazari, vipimo viwili vikilingana fremu iko skwea, visipolingana sukuma ile kona ndefu. Na ilaze juu ya kitu bapa kweli, sio sakafu ya nje, la sivyo itakauka imejikunja na hapo hakuna dawa.

Dada mmoja anauliza: fremu ya wavu inanyeshewa, itadumu?

Inadumu ukiziba zile ncha zinazoonekana kwenye kona, maana mbao inanywa maji kupitia nchani kuliko ubavuni. Zipake rangi mara mbili tatu, tumia gundi ya kuhimili maji, ile nyeupe ya kawaida ni ya ndani. Na toboa kila kona upigilie kijiti cha mbao ngumu cha milimita 8, kipite shavu, ulimi, shavu, ukate usawa.