Tokyo–Singapore: kwa nini kwenda na kurudi havilingani?

Ndugu, umeuliza inakuwaje ukitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika unapata saa 6 na robo kwenda Singapore, lakini saa 7 na dakika 45 kurudi Tokyo, na umbali ni ule ule, kama kilomita 5,300.

Umetoa saa za miji miwili tofauti. Tokyo iko mbele ya Singapore kwa saa 1. Ukiondoka Tokyo saa 5:00 asubuhi ukatua saa 11:15 jioni ya Singapore, Tokyo ni saa 12:15. Umesafiri saa 7 na robo. Kurudi, punguza saa 1: zinabaki 6 na dakika 45. Kumbe kurudi ndiko kwepesi!

Hiyo nusu saa ni upepo. Juu ya Japani hupita mkondo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mkali zaidi majira ya baridi. Kwenda unaupinga, kurudi unakusukuma.

Halafu angalia tiketi imeandikwa HND (Haneda) au NRT (Narita), viwanja viwili vya ndege vya Tokyo. Narita iko kama kilomita 60 kutoka katikati ya jiji. Haneda ni karibu zaidi.