Duara shambani? Shika udongo kabla hujasema kimondo

Aliyeliona kwanza ni mkwezi. Alikuwa juu ya mnazi akiangua madafu katika shamba letu nyuma ya Shanzu, Mombasa, akatuita: "Njooni muone, mihogo yenu imepiga manjano, tena mviringo kama sinia!" Sisi tuliokuwa chini hatukuwa tumeona ila majani yaliyofifia. Nilipopima, toka ukingo hadi ukingo ni hatua 9.

Wiki haikwisha, majibu yakajaa. Jirani akasema kimondo. Kijana wa bodaboda akasema Wareno walizika mali. Mimi nilivutwa na kimondo, nikakesha nikisoma habari za shimo la Barringer kule Arizona, Marekani, lenye upana wa takriban kilomita 1.2. Kusoma huko ndiko kulikonituliza. Barringer, mhandisi wa madini ambaye shimo limepewa jina lake, alianza kulishughulikia mwaka 1903, akachimba miaka na miaka akitafuta bonge la chuma, asilipate. Kimondo kweli kilianguka pale, lakini ushahidi wa kukata maneno ulikuja 1960, ilipogunduliwa koesaiti ndani ya mawe yake, madini yanayohitaji mgandamizo mkubwa mno. Ikiwa shimo kubwa namna ile umbo lake peke yake halikutosha, sembuse duara la hatua 9?

Basi anza na vilivyo karibu. Pwani yetu imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya mvua hulila jiwe hilo polepole hadi ardhi ikadidimia. Litazame duara lako baada ya mvua za masika. Maji yakinywewa upesi katikati na ardhi ikizidi kushuka, usijenge hapo, na tafadhali usichimbe choo: uchafu utapita kwenye mianya ya jiwe hadi visimani, na visima hivyo ndivyo tunavyonywa. Mbuyu uliooza nao huacha kibonde cha mviringo.

Kisha waite wazee. Mjomba alipofika hakuyatazama majani. Alichota udongo wa ukingoni, akausugua kiganjani, ukabaki unga mweupe kwenye mistari ya mkono. "Hapa palichomwa chokaa," akasema. Tukafukua taratibu, kina cha shibiri moja tu, tukakuta makaa meusi yamelala tabaka moja, na juu yake mabonge meupe yanayovunjika kwa kidole. Ni tanuu ya zamani. Magogo yalipangwa mviringo, mawe ya matumbawe yakawekwa juu, yakatiwa moto, kisha yakaachwa yapate maji hadi yalainike. Chokaa ya namna hiyo ndiyo iliyoshikanisha kuta za Mji wa Kale. Ikizidi udongoni, mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma: majani machanga hugeuka manjano, mishipa ikabaki kijani. Mihogo yetu ilikuwa hivyo hasa.

Niliumwagia udongo siki pia, ukatoa povu. Usitegemee hilo, maana jiwe lolote la matumbawe hutoa povu. Makaa ndiyo yaliyoniridhisha.

Ukikuta vigae vya kale, shanga au mifupa, weka jembe chini. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inakutaka utoe taarifa, na kwa sisi wa Mombasa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa wako hapo Fort Jesus. Kitu kikishang'olewa mahali pake, hata wao hawawezi kukisoma vizuri.

Mihogo tumeihamishia upande wa mkanju. Duara tumeliacha na nyasi zake, halilimwi.