Nililisoma Kopo, Nikakosea

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni neno gani la Kiingereza liliwahi kukudanganya? Langu ni "inflammable", na kovu lake ninalo mkono wa kushoto.

Nilipomaliza kidato cha nne nilijifunza kupuliza rangi katika gereji moja mjini Tanga. Pale aliyesoma nilikuwa mimi tu, kwa hiyo kopo lolote likija, fundi hunipa: "Mdogo wangu, hebu tusomee." Siku hiyo lilikuja kopo la thina limeandikwa "highly inflammable". Shuleni tulikaririshwa kwamba "in-" mwanzoni mwa neno hukanusha: "correct" ni sahihi, "incorrect" si sahihi. Nikamwambia fundi, hii haishiki moto kabisa. Likafunguliwa, likaachwa jirani na jiko la mkaa tulilochemshia chai. Thina haingoji moto uifikie. Mvuke wake ndio unaoufuata moto ulipo. Mchanga wa ndoo ndio uliotuokoa.

Fundi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Si ulilisoma?"

Nililisoma. Miaka baadaye kamusi ilinieleza kwamba Kilatini kilikuwa na "in-" mbili. Moja hukanusha. Ya pili ni ya kuingia, ya kutia ndani, na "inflammare" ni kutia mwali, kuwasha. Ndiyo iliyomo katika "inflammation", ule uvimbe unaochoma mwilini. Ndiyo iliyomo pia katika "inhabit", kuishi mahali, hivyo "inhabitable" kwa Kiingereza ni panapokalika. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma Kifaransa wajihadhari hapo: neno hilohilo, herufi zilezile, kwa Kifaransa ni pasipokalika! Na "invaluable" ina ile ya kukanusha, ila kinachokanushwa ni kukadirika. Ni kitu cha thamani isiyo kifani.

Siwalaumu Waingereza. Mgeni akifundishwa kwamba "ha-" yetu hukanusha, kama katika "hajui" na "hataki", atafanya nini akikutana na "hatari"?

Lakini neno la kwenye kopo la thina si la mtihani. Marekani, shirika la kinga ya moto la NFPA lilianza miaka ya 1920 kuhimiza watu waandike "flammable", neno lililokuwapo tangu 1813, kwa sababu hii hii ya "in-" kudhaniwa kuwa inakanusha. Kinyume chake ni "non-flammable", na hapo hakuna wa kukosea. Ningependa waagizaji wetu wakatae makopo yenye neno la zamani, na wabandike Kiswahili kando ya ile alama ya mwali.

Kwenye gereji yangu sisubiri. Kila kopo likiingia, kijana wangu huchukua brashi na rangi nyekundu, akaandika ubavuni: LINAWAKA.