Vijana wapya wa mashua, tulizeni roho kwanza

Wadogo zangu mlioanza kazi sizoni hii hapa Lamu, nawapenda na ndo maana nasema kwa ukali. Kila siku nawaona gatini, mkono mmoja usukani mwengine simu, mgeni hajakaa vizuri ushaanza kutafuta wa kesho, jioni mwalalamika kichwa chauma na usingizi hauji.

1. Simu. Ukishafungua kamba simu iingie kwenye begi mpaka mfunge tena. Hili sitaki mjadala. Nilipeleka wageni Takwa, yale magofu ya kale kisiwani Manda, na mnajua ule mkono wa mikokoni unaingilika maji yakijaa tu, nikawaambia nendeni mkaone msikiti wenye nguzo juu ya kibla, tuna saa moja, mimi nikakaa chini ya mbuyu kujibu meseji za buking, voisi moja baada ya nyengine, huyu ataka bei, yule auliza samaki wa kuchoma Manda Toto, na roho yanienda mbio naona nafanya kazi kweli kweli. Kuinua kichwa, chombo kimelala ubavu matopeni. Kulikuwa na mama mtu mzima, dawa yake ya presha ya jioni imebaki Shela. Hakunigombeza. Alikaa kashika magoti, baharia wangu akamfunika kikoi chake akawa ampepea mbu kwa kipande cha boksi mpaka maji yakajaa tena usiku. Nilipomshika mkono kumteremsha ulikuwa watetemeka, na aibu ile haijanitoka hadi leo.

Tangu hapo kabla sijafungua kamba natazama demani (kamba ya tanga), foromali (mti unaobeba tanga), tanga lenyewe, mawingu, maji yako wapi, kisha uso wa kila mgeni, polepole, bila kusema neno. Dakika mbili hazifiki na pumzi yashuka yenyewe. Jaribuni jamani.

2. Ratiba ifuate maji. Yanachelewa kama dakika 50 kila siku, bamvua, yaani maji makubwa, ni mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwahivyo ukijua ya leo ya kesho unayo. Anayeahidi Takwa saa tatu kila siku ndiye mnayemuona akikimbizana na watu.

3. Miraa si usingizi. Laleni.

4. Meseji ya hasira usiijibu hapo hapo, kaswali kwanza. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa baada ya Alasiri akikaa barazani na kahawa yake na hakuna ruhusa kumuuliza habari ya safari, mie nikidhani ni uvivu, kumbe ndo alivyoweza kufanya kazi hii mpaka ndevu zikawa nyeupe na hajawahi kumpigia baharia kelele. Siku hizi kati ya Magharibi na Isha simu yangu iko juu ya kabati na watoto wanajua ndo wakati wa kuniletea hesabu zao za shule. Wateja walionizoea hupiga mapema, wapya hungoja, na wengi wao huja.