Ukitaka Kuzungumza kwenye Mkutano wa Uzingatiaji wa Kanuni za Utafiti

Sisi tunaoshinda na faili za kamati za maadili, fomu za ridhaa na ripoti za ukaguzi tuna tabia ya kudhani kwamba kazi yetu ni ya kawaida mno, hakuna atakayetaka kuisikiliza jukwaani. Nimetuma mapendekezo ya mada, na nimeketi pia na wanaoyachambua. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba hiyo kazi ya kawaida, ikielezwa na anayeifanya, ndiyo inayoadimika mezani.

Kinachojaa ni mada zinazosimulia kanuni. Azimio la Helsinki, lile la madaktari wa dunia kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, lilipofanyiwa marekebisho Oktoba 2024, na mwongozo wa kimataifa wa ICH E6(R3) kuhusu majaribio ya kitabibu ulipokamilishwa Januari 2025, ilitarajiwa kabisa kwamba watu wangeandika "Mambo Mapya Katika...". Lakini nyaraka hizo ziko wazi kwa kila mtu. Mchambuzi anataka kujua ninyi ofisini mlibadilisha nini baada ya kuzisoma, nani alipinga, na mlijuaje kwamba mabadiliko yamesaidia.

Chukua ridhaa. Pendekezo lenye kichwa "Umuhimu wa Ridhaa Katika Utafiti" halina ubaya wowote, ila halimwambii msikilizaji atapata nini. Sasa tazama hili: kanuni ya Marekani iitwayo Common Rule, katika toleo lililoanza kuzingatiwa rasmi Januari 2019, inataka fomu ya ridhaa ianze na maelezo mafupi ya mambo ya msingi yatakayomsaidia mtu kuamua kama atashiriki au la. Ukiandika "Ukurasa wa Kwanza wa Fomu ya Ridhaa: Tulichoondoa, Tulichobakiza na Nani Aliamua", umeshika jambo moja. Mtafiti mkuu alitaka madhara yote yaorodheshwe hapo hapo, mwanasheria naye akaogopa kupunguza hata sentensi, kamati ikarudisha rasimu. Hapo kuna mada, na kuna watu watakaotoka na kitu cha kwenda kujaribu.

Fomu nyingi za maombi huwa na sehemu ya malengo ya kujifunza, na watu huijaza mwishomwishoni wakiwa wamechoka. Mimi ningeanza nayo. "Wasikilizaji wataelewa ukiukaji wa itifaki", yaani kwenda kinyume na mpango wa utafiti ulioidhinishwa, ni lengo lisilopimika. Andika kwamba wataweza kutenganisha mkengeuko mdogo na ule unaopaswa kuripotiwa kwa kamati, kwa kutumia mifano mitatu mtakayoijadili pamoja. Ukishindwa kuandika lengo la namna hiyo, mada bado haijaiva.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni siri. Visa vinavyofundisha zaidi katika fani yetu ni vile vilivyoharibika: data zilizobuniwa, washiriki walioandikishwa kabla ya kibali kutoka, mgongano wa maslahi ambao haukutajwa. Nyuma ya kila kisa kuna mtu, na pengine uchunguzi wake haujaisha. Kufuta jina hakutoshi. Ukitaja fani, aina ya ugonjwa na mwaka, wenzake watamtambua kabla hujafika katikati. Kwa hiyo omba ruhusa ya ofisi yako, kwa maandishi, kabla ya kutuma pendekezo, maana likikubaliwa kichwa chake kitaingia kwenye ratiba na kusomwa na kila mtu. Na kama umetunga kisa kwa ajili ya kufundishia, sema wazi kwamba umekitunga. Haipendezi watu wa maadili ya utafiti kupitisha kisa cha kubuni kama tukio la kweli.

Maelekezo ya waandaaji yasome hadi mwisho. Baadhi ya mikutano huficha majina wakati wa uchambuzi, hivyo jina la taasisi likijitokeza ndani ya ikisiri unaweza kuenguliwa. Ukomo wa maneno nao uheshimu. Na usitangaze programu au huduma unayouza.

Ikiwa ni mjadala wa jopo, usikusanye maofisa wanne wenye cheo kimoja na maoni mamoja. Mkaguzi, mtafiti aliyewahi kukaguliwa na mjumbe wa kamati asiye mwanasayansi watakupa mazungumzo ya kweli. Onyesha pia mgawanyo wa muda: katika dakika 60, mimi huacha 20 za maswali, na huliandika hilo kwenye pendekezo lenyewe.

Wakikukataa, waandikie kwa adabu uombe maoni ya wachambuzi. Si wote hutoa, ila wakitoa utajua kama tatizo lilikuwa mada yenyewe, namna ulivyoiandika, au tu kwamba walikwisha kuchagua nyingine inayofanana nayo. Hiyo ya tatu haihitaji kuandikwa upya. Uliza kama bado wana nafasi za mabango, yaani kazi zinazobandikwa ukutani badala ya kuzungumzwa jukwaani, au itume kwenye mkutano mwingine.