Wewe wa miaka 48 unayekwenda shindano la veterani Nakuru: USIKAE CHINI

Nimesoma swali lako mara mbili. Una miaka 48, ni shindano lako la kwanza la vitara, huu mchezo wetu wa kupigana kwa panga nyembamba, upande wa veterani, yaani sisi tuliopita arobaini; unauliza ununue epe (upanga wenyewe) yako au uazime, ulale wapi ukitoka Kakamega, ule nini asubuhi. Ningepita kimya, kusema kweli, kama si ule mstari wa mwisho kwamba kijana mmoja wa klabu amekushauri ukimaliza makundi ukae chini upumzike kabisa, uhifadhi nguvu za mtoano.

Kijana huyo ana umri gani? Hajafika thelathini, sivyo? Nilijua.

Mwaka jana mwezi wa saba nilipanda matatu ya alfajiri kutoka Kisumu. Sisi wa ziwani tumezoea kutoka jasho hata tukiwa tumelala. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na asubuhi ile ukumbi ulikuwa baridi kama friji ya bucha. Lakini makundi yalinipendeza. Tulikuwa sita, kwa hiyo kila mtu mapambano matano, kila moja hadi miguso 5 (kumgusa mwenzako kwa ncha ya upanga) au dakika 3. Nilishinda matatu. (Wale wawili walionifunga siwakumbuki hata sura, kwa hiyo hawahesabiki.) Jasho tiririri, mwili mwepesi, najiona kijana wa kidato cha nne.

Ndipo mshauri wetu, naye kijana kama huyo wako, akaniletea kiti cha plastiki. "Mzee wangu, keti. Usichome mafuta bure."

Nikaketi. Ulingo ulikuwa mmoja, watu wengi, nikaketi saa moja na zaidi. Nikala chapati madondo. Jaketi imelowa jasho, imeanza kunigandia mgongoni kwa baridi, nami nacheka na watu nikiwaeleza nilivyomchoma yule bwana mrefu kwenye kifundo cha mkono. Kila nikitaka kuinuka kijana ananiambia, "Tulia, mzee." Nimetulia mpaka leo.

Jina likaitwa. Nikavaa maski, nikapiga saluti, huyo. Mtoano wa veterani ni miguso 10, vipindi viwili vya dakika 3. Nikawa naongoza 4-2, na naomba hilo liandikwe mahali. Mpinzani akainua mkono kizembe, nikaona nafasi, nikajisukuma kwa mguu wa nyuma, lanji, ile hatua ndefu ya kushambulia, kwa nguvu zangu zote. Nikasikia "pa!", kama tawi kavu limevunjika, na mtu amenipiga rungu juu ya kisigino. Niligeuka kumtukana. Nyuma yangu hakukuwa na mtu, ila kile kiti cha plastiki kule mbali.

Kano ya kisigino ilikuwa imekatika. Ule mkanda mgumu unaoshika shavu la mguu kwenye kisigino, na kwenye lanji mguu wa nyuma ndio unaobeba kazi yote. Daktari alinieleza baadaye kwamba sehemu ile, sentimita chache juu ya kisigino, hupata damu kidogo kuliko kwingine, na sisi tuliopita arobaini kano zetu zimeshakuwa ngumu. Ukiipasha moto inakuvumilia. Ukiiacha ipoe saa nzima halafu uivute ghafla kama mpira wa manati, shauri yako.

Na bado sijafika kwenye ujinga wangu mkubwa. Pale ukumbini wakasema, "Umeteguka tu." Nani alisema? Huyo huyo wa kiti! Akanisugua mafuta ya kuchua mbele ya watu, akanipandisha matatu. Nami nikaamini kwa sababu niliweza kukanyaga kidogo na vidole vilikuwa vinasogea. Nilichechemea siku tisa nikijiambia kesho itapoa. Kumbe misuli mingine midogo huweza kusogeza unyayo hata kano ikiwa imekatika, ndiyo maana inadanganya watu. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine: unalala kifudifudi, nyayo zinaning'inia nje ya kitanda, mtu anakuminya shavu la mguu. Unyayo usiposogea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wangu haukusogea hata kidogo. Mke wangu aliminya mara nne, nadhani ya nne ilikuwa ya hasira.

Upasuaji, magongo, kiatu kile kikubwa cha plastiki, miezi tisa kabla sijajaribu hata kukimbia. Pesa iliyokwenda ingeninunulia vifaa vyote vya vitara na mbuzi wawili. Kijana naye aliniandikia, "Pole mzee, ni mchezo." Mchezo wa nani? Mguu ulikuwa wa nani? Mtu ambaye kano zake bado ni za mpira anakwenda kumfundisha baba yake kupumzika!

Kwa hiyo, omera, ndugu yangu, nisikilize. Makundi yakiisha badilisha fulana iliyolowa, vaa treki nzito, tembea. Kunywa maji umesimama. Ukichoka sana egemea ukuta dakika tano, kisha zunguka tena ukumbi. Muulize mwenye orodha yamebaki mapambano mangapi kabla ya lako, na yakibaki mawili anza upya kabisa, kama vile hujacheza siku hiyo: kamba ya kuruka, kupanda na kushuka kwa vidole vya miguu, hatua za mbele na nyuma, halafu lanji fupi, ndefu kidogo, ndefu. Usipande ulingoni paji la uso likiwa kavu. Wakikucheka kwamba mzee anaruka kamba kama mtoto wa shule, ruka.

Tena, kama wiki hizi umemeza ile sipro (ciprofloxacin, antibiotiki) ya tumbo tunayojinunulia dukani bila karatasi ya daktari, ongea na daktari kwanza. Dawa za jamii hiyo zinajulikana kudhoofisha kano, hasa kwa waliopita miaka sitini. Mimi sikuwa nimemeza, sina hata kisingizio hicho.

Epe azima tu, ila beba mbili zinazofanya kazi, maana ncha ya ile ya kwanza ikikataa kuinua ule uzito wa gramu 750 wa kuipimia, refa anakutolea kadi ya njano na unahitaji nyingine mkononi. Kulikuwa na swali la malazi pia, na nini kingine, chakula? Kula chochote, mradi usile umeketi.

Nitakuja siku hiyo kutazama. Nitakuwa karibu na mlango, yule anayechechemea kidogo. Gongo moja bado ninalo, na nikikuona kwenye kiti cha plastiki nitalitumia.